Dada Bi-xia, Ulikataa Mara ya Kwanza

Mwaka umetimia, Dada Bi-xia, tangu uanguke nyuma ya kaunta ya duka lako la vifungo, saa tatu asubuhi, mteja akiwa bado anachagua zipu. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni kwako, wewe uliyewafundisha watu wako kwa ukali kuliko wote kwamba, kwa usalama, shingoni mwa mtu hakiwekwi kitu. Ni moyo, alisema daktari. Ulikuwa na miaka hamsini na minne na ulikuwa hujamaliza kunigombeza.

Ninayeandika ni mdogo wako Bi-lian. Nilitaka kumbukumbu hii iwe ya upole. Nimechana karatasi tatu, kwa sababu nimekasirika, na wewe hukupenda mtu ajidai yuko sawa wakati hayuko sawa.

Tunakukumbuka ukifungua duka kabla ya mtu yeyote mtaani kwetu Tainan, ukila uji wa samaki umesimama. Na kila Jumapili ya pili ya mwezi, saa nane mchana, ukipanda ngazi kwenda chumba cha juu kupokea watu wako. Majirani walidhani ni darasa la ushonaji. Kumbe ni watu wazima waliotaka kujifunza namna ya kuchezea hisia za mwili kwa hiari na bila kuumizana: kitambaa machoni, unyoya mgongoni, brashi laini, barafu kiganjani. Wengi walikuwa wamekaa miaka wakijiona wako peke yao mji mzima, mpaka mtu alipowanong'oneza waje wanywe chai na wewe.

Na ilikuwa chai kweli. Mgeni hakuguswa wala hakugusa. Alikaa na wenzake kwenye duka la chai la pale kona, mchana kweupe, akala mapera, akaulizwa habari zake. Ulikuwa ukisema, "Kama hawezi kukaa saa nzima na kikombe, kwangu hashiki barafu."

Mimi nilipanda ngazi zile miaka minne baada ya kufiwa na mume wangu. Muda wote huo sikuwa nimeguswa na mtu isipokuwa msusi. Ulinikabidhi kwa Yun-zhen, yule muuguzi, akaniuliza maswali mpaka nikachoka. Nina pumu? Ngozi yangu inachubuka haraka? Wapi sitaki kuguswa? Kisha akaniwekea kengele ndogo mkononi.

"Sauti ikikuishia, iachie. Ikilia tunaacha, na hakuna atakayekuuliza kwa nini."

Akanifunga macho. Unyoya ulipopita kwenye mkono wangu nililia kama mtoto, na kengele ikaniponyoka. Yun-zhen akaacha palepale.

"Endelea bwana, imeanguka tu!" nikasema.

Wewe ukajibu kutoka kwenye kiti chako, "Kwa leo basi. Mleteeni blanketi na chai ya tangawizi."

Nilikununia wiki nzima. Sasa naelewa.

Sikiliza yaliyotokea siku ulipotimia mwaka tangu ututoke. Tulikuwa tumepanga vyakula mbele ya picha yako. Kaka Zong-de, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akilalamika kwamba chumba cha juu kinatuaibisha, na kwamba yeye anakitaka aweke humo vipuri vya pikipiki, aliogopa kukifunga bila kukuuliza. Akachukua vile vipande viwili vya mbao tunavyowaulizia marehemu wetu.

"Bi-xia, mdogo wangu, tukifunge chumba, wale watu wakatafute kwao. Unakubali?"

Akarusha. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, umekubali. Vyote viwili vikalala kifudifudi. Hapana.

"Hajasikia vizuri," akasema, akarusha tena. Vyote chali, maana yake unamcheka. Akarusha tena. Hapana. "Labda bado anakula." Hapana. Jasho likawa linamtoka. Mara ya saba kimoja kikalala chali, kingine kifudifudi.

"Haya! Amekubali! Mmeona wenyewe!"

Damu ilinichemka, Dada. Miaka kumi na moja ulifundisha pale juu kwamba hapana ya kwanza inatosha, na kwamba ndiyo iliyotolewa kwa kusumbuliwa si ndiyo. Na aliyekuja kukuvunjia sharti hilo ni kaka yako wa tumbo moja, mbele ya picha yako, ukiwa huna hata kengele ya kuangusha. Najikasirikia na mimi pia. Mara sita nilitazama na kunyamaza.

"Kaka, amekataa," nikamwambia.

"Ya mwisho ndiyo jibu."

"Umemchosha! Hata mimi ukiniuliza mara saba nitakubali ili uondoke!"

"Usiniletee mambo ya huko juu mbele ya Mama!"

Mama, ambaye miaka yote hiyo alichokuwa akiuliza ni kama wageni wako wamenawa mikono, akainuka na mkongojo wake. Akaviokota vile vipande na kuvitia kwenye mfuko wa sweta.

"Mtoto kakataa," akasema. "Kunywa supu yako, Zong-de, inapoa."

Kaka hakuinywa. Aliondoka kabla hatujakuchomea karatasi zako, zile pesa za kukufikia huko uliko, na hilo sijamsamehe.

Ufunguo ninao mimi. Jumapili iliyopita tulifungua madirisha tukafuta vumbi. Mkasi wa kukatia kitambaa fundo likikataa kufunguka unaning'inia pale pale ulipoutundika, karibu na mkono. Wageni wawili wapya, mwalimu wa hesabu na fundi wa lifti, walikunywa chai tu wakarudi kwao. Fundi aliuliza mara mbili kama kweli anaruhusiwa kuja tena.

Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, Dada. Wanaokukumbuka ni Mama. Mdogo wako Bi-lian. Mpwa wako Jia-rong. Yun-zhen, na watu wote wa chumba cha juu, ambao Mama amesema waandikwe hapa kama ndugu. Jina la Kaka Zong-de halimo. Nilimpigia simu kumuuliza kama angependa liwemo. Akasema hapana. Sikumuuliza mara ya pili.