Panya wa Maji ya Chumvi

Jumatatu, 11 Machi

Picha haziingiani! Siku nzima nalaza picha ya mashine ya sumaku juu ya ile ya mashine ya mionzi. Panya ni yuleyule, uvimbe ni uleule wa ubavuni, lakini huku kalala kajikunja, kule kanyooka. Ukimhamisha kitanda tu, mgongo nao unahama.

Profesa kapita, kauliza kama nazilinganisha picha au nazilea. Iachie programu izinyooshe, anasema, Ijumaa si mbali. Ijumaa anawaonyesha wakubwa dawa yake — wakiridhika, itaanza kujaribiwa kwa wagonjwa. Na mkataba wangu uko mezani kwake, unasubiri saini. Haya, nimezinyoosha. Ukilinganisha na picha za kabla ya dawa, uvimbe umepungua karibu nusu! Yeye kafurahi. Mimi roho haijatulia.

Jumanne, 12 Machi

Nimeujua mchezo. Picha za kabla ya dawa zilipimwa kama zilivyo. Za baada ya dawa zimepimwa zikiwa zimeshanyooshwa. Na ukimnyoosha panya aliyejikunja, ubavu unabanwa, na uvimbe unabanwa nao. Ni sawa na kuvuta tumbo ndani halafu ukasema umekonda.

Nikamchukua panya ambaye hajaonja dawa hata tone, mmoja wa wale wanaochomwa maji ya chumvi tu ili tupate wa kulinganisha nao. Nikampitisha njia ileile. Naye kapona! Kwa maji ya chumvi! Nimecheka peke yangu mpaka mtunza panya akachungulia mlangoni. Nikamwonyesha. Basi tufunge maabara tukauze chumvi, akasema.

Nyumbani, shangazi hakucheka. Kaniuliza, nikimwambia bosi wangu kakosea, nitakula wapi? Kwako, nikamjibu. Kasonya, ila kanipakulia.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwambia Profesa. Picha kaitupia jicho, basi. Panya mmoja si hoja, anasema. Nikamwambia nimewapitisha wote wa maji ya chumvi, na wote "wamepona". Kanijibu: mimi ni mtu wa picha, ya dawa niwaachie wenyewe. Kesho nisikanyage ukumbini. Na kanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Livunjike! Ninalo jingine.

Naogopa, nisijidanganye. Lakini kuna mtu mahali fulani, na uvimbe wake, atakayechomwa hii sindano na kurudi nyumbani akiwaambia watoto atapona. Huyo hawezi kunyooshwa na programu.

Ijumaa, 15 Machi

Niko ukumbini. Safu ya mbele kabisa! Profesa kaniona, kaendelea.

Kaonyesha picha zangu. Zimependeza kweli, na jina langu liko chini yake — hilo hakulisahau. Wakubwa wanaitikia kwa vichwa. Mmoja kapiga makofi kabla ya wakati.

Kauliza kama kuna maswali. Nimenyoosha mkono. Kamchagua bwana mwenye tai. Kisha mama wa miwani. Kisha bwana wa tai tena! Mwandiko huu mbovu ni wa mkono wa kushoto, wa kulia bado uko juu. Jirani yangu kaanza kunitazama mimi badala ya Profesa. Mama wa miwani naye kageuka.

Anasema muda umekwisha. Anakusanya karatasi. Mwenyekiti wa kikao anamwambia ngoja kidogo, kuna mkono hapa mbele.

Anasema haoni mkono.

Nimesimama.