Siku Papa Alipofundisha kwa Simu

Cibitoke, Bujumbura

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu za mdogo wako. Magoti yako je, yanakuacha ulale? Na Papa anakula? Ule uji wa muhogo bado anaukubali, au ameanza tena kuutema? Mimi ni mzima. Mvua tu haina huruma. Kutoka hapa ninapolala mpaka shuleni Buterere natembea viatu mkononi, maana maji ya mashamba ya mpunga yamepanda barabarani.

Yaya, uliniuliza kwenye simu: "Ulimufanya Papa nini siku ile ya Jumanne?" Nikakujibu kwamba nilimsalimia tu, rezo ya simu ikakatika. Nilikudanganya. Kwa mdomo nimeshindwa kukuambia, ndiyo maana naandika.

Unajua mimi ni mtu wa hesabu. Lakini mwenzetu wa sayansi amejifungua, direkta wa shule akanipa darasa lake la saba. Siku hiyo somo lilikuwa jua na sayari zake. Nilichora jua ubaoni, nikalizungushia duara nane, watoto wakanakili bila kuinua vichwa. Nikauliza Dunia ni ya ngapi kutoka kwenye jua. Wakaendelea kuchora. Nikakumbuka jinsi Papa alivyokuwa akifundisha somo hilohilo pale kwetu Baraka, mpaka watoto wa madarasa mengine wanajazana dirishani. Na wewe ulikuwa umeniambia kwamba majina yetu yanampotea, lakini masomo yake bado yamo, kila asubuhi anaufundisha ukuta. Nikasema moyoni, leo nitampa Papa watoto wa kweli. Sikuwa na nia mbaya, Yaya.

Nikapiga. Wewe ulikuwa sokoni, akapokea mwenyewe. Nikaweka sauti ya juu, nikainua simu.

"Papa, niko na wanafunzi hapa. Wanataka uwafundishe sayari."

Hakuuliza mimi ni nani. Alikohoa mara mbili, kama zamani, kisha akanguruma: "Kalasi, simama!"

Yaya, walisimama wote! Hata mimi nilijikuta nimenyooka.

"Kaa. Nani iko katikati?"

"Jua!"

"Jua haimuzunguke mutu. Sisi ndio tunaizunguka, wote upande moja, hakuna anayepita kinyume. Wane wa kwanza ni mawe: Merkuri, Venusi, Dunia, Marsi. Pale mutu angeweza kusimama. Nyuma yao kuna mukanda wa mawe madogo-madogo. Kisha wakubwa wane. Jupita na Saturni ni hewa, ukisema usimame utazama tu. Uranusi na Neptuni ziko mbali, ni baridi kabisa. Dunia ni ya ngapi?"

"Ya tatu!"

Walicheka, waligonga madawati. Nilimtazama Divine, msichana wa benchi la mbele ambaye tangu muhula uanze hajawahi kunijibu neno, akiwa ameinua mkono mbele ya simu kana kwamba Papa anamwona. Nikampa ruhusa.

"Babu, nyuma ya Neptuni kuna nini?"

"Pluto. Ya tisa na ya mwisho."

"Apana, Babu. Pluto waliitoa. Iko huko, lakini wanaiita sayari kibete. Kitabu kinasema sayari ni nane."

Mtoto hakukosea, na alisema kwa heshima. Nilipaswa kuishusha simu hapo, niseme naye mwenyewe. Nilingoja, nikidhani Papa atacheka. Nikasikia kuku wako wakilia uani.

"Nani aliitoa?" akauliza. "Mi sikuambiwa."

Akaanza upya kutoka kwenye jua. Alipofika Marsi akasimama, akarudi kwenye jua. Mara ya tatu hakufika hata Venusi. Watoto walikuwa wakimnong'onezea majina, wakimsaidia, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kisha akaanza kulia.

"Muniambie njia. Wanafunzi wananingojea na mi niko hapa. Njia ni wapi?"

Nilikata simu. Si rezo iliyokatika, si unite za simu zilizoisha. Ni kidole changu. Sikujua la kumwambia babangu mbele ya watoto.

Divine akaniuliza, "Babu atamalizia kesho?" Nikasema ndiyo.

Sasa unaniambia kila alfajiri anavaa koti, anaitafuta chaki, na Alhamisi wanawake wanaofua walimkuta mtoni akiwauliza njia ya shule. Yaya, kama angeteleza je? Ungenipigia kuniambia nini, nami ningefika kwa njia gani? Mpaka wa kuingia huko Kongo unafunguliwa leo, unafungwa kesho. Wanaotoka huko wanasema barabara si ya kuaminika. Nilimwomba direkta ruhusa, akasema, "Mwalimu, nani ataingia kwenye madarasa yako mawili?" Nikarudi darasani. Naamka, nafundisha, narudi, naitazama simu. Nikimpigia naogopa nitamwamsha tena. Nisipompigia naona nimemtupa.

Usimfungie mlango kwa kufuli, nakuomba. Najua naomba kitu kigumu, wewe ndiye unayechoka, mimi niko huku na maneno tu. Jaribu kumwambia ni vakansi. Kwamba shule zimefunga, watoto wako kwao, apumzike. Sina dawa nyingine. Akikuuliza zitafunguliwa lini, Yaya, hapo na mimi sijui utamjibu nini.

Nisalimie shemeji, mume wako, na umshukuru kwa kumbeba Papa mgongoni kutoka mtoni. Nisalimie mama mdogo Zaina anayekusaidia kumwogesha. Mwanao Riziki mwambie mjomba anauliza kama ameanza kusoma herufi. Papa usimtajie jina langu, litamsumbua kulitafuta. Mwambie tu kalasi inamusalimia, na ilisimama.

Ni mimi mdogo wako, niliye mbali na nisiye na msaada,

Alimasi