Cherehani Bila Uzi

Mwenzangu, we acha tu. Ni wifi yangu, yule fundi cherehani, mimba ya miezi minane.

Si unajua mtoto wake akisikia cherehani tu anaanza mateke? Leo kashona, kimya. Kashona tena, kimya. Nimemkuta anapitisha mshono uleule juu ya gauni la mteja, kitambaa kimekuwa kigumu kama gome.

"Wifi, vipi?"

Hata hakuniangalia. "Usiniongeleshe. Namwamsha."

Namwamsha!

Nikamburuta kliniki, tepu yake ya kupimia nguo bado shingoni. Mkunga akahangaika na kile kipimo cha mapigo tumboni, mimi roho mkononi. Mara tukausikia moyo, mbio kama unafukuzwa! Nililia mimi. Yeye hakulia. Akauliza tu, "Na nikifika nyumbani nitausikiaje?"

Mkunga akamwambia asipomsikia akicheza arudi hapohapo, hata kama ndiyo kwanza ameondoka.

Tumerudi. Kaka kaficha gauni na nyuzi zote, eti mkewe apumzike. Sasa hivi niko mlangoni kwao. Cherehani inaunguruma bila uzi, kiganja chake tumboni, anamnong'oneza: "Mimi nipo, mwanangu. Wewe je?"