Safari ya Naili na Kaburi la Baba

Jeddah, Jumapili

Ndugu yangu Barasa,

Mko aje huko, na goti la Mama limepoa? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unachemka, na wewe ndiye uliyewasha moto, kwa hivyo kaa chini usome. Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu ungenikatia. Jane, tuliyekuja naye kazi huku Uarabuni, amemaliza mkataba na anapandia ndege hapa Jeddah. Nimemwambia asitoke kwako mpaka umsomee Mama barua hii yote kwa sauti.

Tangu tutoke Riyadh kuja hapa kwa nyanya, mama yake madam, hakuzungumzwi kitu ila Misri. Nyanya anataka kupanda meli ya mto Naili, aone mahekalu na makaburi ya wafalme wa kale miguu ikiwa bado inambeba. Makaratasi ya meli ni ya Kiingereza, basi kupanga nikaachiwa mimi. Siku nne nimeshinda na tableti pale jikoni. Meli inatoka Luxor mpaka Aswan, ina bwawa la kuogelea juu ya paa. Kuna hekalu lenye mamba waliokaushwa. Kuna kaburi lililochimbwa ndani ya mwamba, rangi za kutani bado ziko, na kuliingia kuna tiketi yake peke yake. Namsomea madam, anasema, "Yalla, weka na hilo." Mimi najiambia, maji ya mto wetu wa Nzoia yanaishia kwenye Naili huo huo, na hatujawahi kumtoza mtu.

Niliifanya kazi hiyo bila kununa. Wao wakiwa Misri, mimi ningekuwa likizo nyumbani, madam alishaniahidi. Na unajua ninachokuja kufanya. Baba alizikwa nikimtazama kwa simu, na mtandao ukakatika kabla udongo haujatupwa. Kwetu mtoto aliyekosa mazishi hupita kaburini kwanza, atupe udongo wake, ndipo aingie nyumbani kwa mama yake. Nyinyi mmeshamwita fundi amwage saruji juu ya kaburi mwezi huo huo wa safari yao. Akimaliza, mimi udongo wangu nitautupa wapi?

Juzi madam akageuka. Eti nyanya anahitaji mtu wa kumshika mkono huko mahekaluni, likizo yangu ingoje. Nikakataa. Bosi, mume wa madam, naye ana taratibu zake, hampeleki binti wa watu nchi nyingine bila kuuliza mwanamume wa kwao. Akakupigia, akaweka spika, mimi nimesimama pale na sinia ya chai mkononi.

Nilikusikia, Barasa. "Ni heshima kubwa, bosi. Nendeni naye. Kaburi halihami." Halafu ukaulizia kazi ya udereva.

Bosi akanigeukia akasema, "Halas, imekwisha, kaka yako amekubali." Alikuuliza kwa adabu, na wewe ukanitoa kama kiti cha kuazimwa. Hukusema hata ngoja nimuulize. Mimi ndiye niliyekufuta kamasi, na leo eti wewe ndiye wa kuniruhusu.

Jana madam akaniambia nijaze majina ya wasafiri. Nikajaza bosi, madam, nyanya na watoto wawili, nikabonyeza. Asubuhi akaona watu ni watano, akanifokea mpaka watoto wakajificha. Nikamwambia meli imeshajaa, na sikumdanganya; akasema atatafuta nyingine. Nyanya akauliza nina nini, nami nikamweleza habari ya Baba na udongo. Akamwita bosi, akamwambia, "Mpigie kaka yake tena. Akisema aende kwao, ataenda. Mimi nitashikwa mkono na binti yangu."

Atakupigia Ijumaa baada ya sala. Jane atakuwa ameshafika, kwa hivyo usiniambie hukujua. Kazi ya udereva usiitaje. Sema dada yangu aje nyumbani, basi, unyamaze.

Nisalimie shangazi aliyelala na Mama wakati wa matanga, na mke wako Rose, ambaye najua angejibu vizuri kuliko wewe. Msalimie na fundi pia, umwambie mifuko ya saruji asiifungue mpaka anione kwa macho yake.

Mama, kama unasikia, Ijumaa ukae karibu na simu ya Barasa.

Mimi dada yako mkubwa,
Nafula