Punda wa Ukurasa wa Kumi na Nane

3 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na kikohozi kinakuacha ulale. Huku hatujambo, ila paka ana mafua na ananipigia chafya juu ya rangi.

Sasa kaa chini. Wachapishaji wamenipa kazi ya kuchora kitabu cha historia kwa watoto, na historia yenyewe ni ile safari yenu ya kuvuka nyika kutafuta chanzo cha mto! Niliruka mpaka jirani wa chini akagonga dari lake kwa ufagio. Waliokwenda ni wanne, na mpishi wao ni mjomba wangu. Nani ataniweza?

Basi nijibu upesi. Mahema yalikuwa rangi gani? Nani alitangulia njiani? Na punda alikuwaje? Huyo nilishampenda, nimemweka hadi kwenye jalada. Nimekufungia michoro ya penseli. Nisahihishe bila huruma.

Mpwa wako

14 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti linasema mvua inakuja, na siku hizi naliamini kuliko redio. Paka mpe pole.

Michoro ni mizuri, ila mpima ramani umemkondesha. Tumbo la bwana yule lilikuwa linafika kambini kabla yake. Mahema yalikuwa ya kijani siku ya kwanza. Baadaye yakawa rangi ya vumbi, na sisi pia. Kiongozi alitangulia na dira mkononi. Mtaalamu wa mimea alikuwa wa mwisho, maana alisimama kwa kila jani kama anayesalimia ndugu.

Punda nilimwongoza mimi. Wa kijivu, sikio moja limelala. Watu husema shukrani ya punda ni mateke. Yule hakuwahi kunipiga hata moja. Birika langu nililitundika ubavuni mwake, la mwisho kufungwa na la kwanza kufunguliwa, kwani wale mabwana bila chai walikuwa hawasemezeki. Ninalo mpaka leo. Limebonyea upande mmoja, lakini chai haijui hilo.

Mjomba wako

22 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena. Paka amepona, sasa ni mimi.

Birika lilibonyeaje? Na kuna jambo linaninyima raha. Katika hadithi niliyopewa, punda yupo mpaka ukurasa wa kumi na nane, siku maji yanapowaishia. Ukurasa wa kumi na tisa Kiongozi anagundua kisima. Ukurasa wa ishirini mko njiani, kila mmoja na mzigo mgongoni, na punda hayupo. Nimegeuza kurasa mbele na nyuma. Amekwenda wapi?

Mpwa wako mwenye mafua

30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole. Chemsha tangawizi.

Miiba ya kule ilikuwa mirefu kama kidole, ichore hivyo. Mawe yalikuwa mekundu. Jua likizama, nyika yote ilikuwa kama jiko lenye makaa. Ukurasa wa ishirini wachore na mizigo yao kama ilivyoandikwa.

Chai imechemka, niishie hapa.

Mjomba

6 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Umenijibu kuhusu miiba, mawe na jua, mambo ambayo sikukuuliza. Umenipiga chenga!

Mhariri anataka nimalizie kwa punda akirudi nyumbani, amevikwa shada la maua. Nimewasomea watoto wa shule ya jirani kurasa za mwanzo, na wamempa jina, Sikio. Wewe ndiye uliyenisimulia nikiwa mdogo kwamba alistaafu mahali penye majani mengi. Ni kweli? Kitabu kinaitwa cha historia, Mjomba. Nikichora uongo, watoto wataubeba mpaka uzeeni, nami siwezi kuwabebesha. Niambie tu.

Mpwa wako

19 Mei

Mpwa wangu,

Hujambo? Usidhani nilinyamaza kwa hasira. Nilikuwa natafuta namna ya kulisema hili, na namna haikuja, basi lipokee lilivyo.

Chakula kiliisha kwanza, kisha maji. Kiongozi akaniamuru nimchinje punda, nyama ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuigusa. Nikaenda na kisu. Sijui aliona kisu au uso wangu. Alikata kamba akaingia vichakani na birika ubavuni. Tukamkimbiza sote, hata mpima ramani na tumbo lake. Vichaka vilikuwa vinene, hatukumwona. Tulifuata mlio wa birika likigonga mawe. Ndipo lilipobonyea. Mlio ulipokoma tulimkuta amesimama, mdomo umo majini. Tulimkimbiza ili tumle, naye akatufikisha kisimani. Kiongozi akaandika kwamba amekigundua yeye.

Tulikunywa mpaka tukatapika. Halafu tukamla.

Sikuombi msamaha. Tungekufa, nawe usingekuwa na mjomba wa kumsumbua kwa maswali. Yale majani mengi nilikupa kwa sababu ulikuwa unalala vizuri ukiyasikia. Lakini shada la maua silitaki. Ama sema alivyokwisha, ama mtoe kitabuni kabisa. Kumvika maua uliyekwisha kumla ni kumla mara ya pili.

Mjomba wako

2 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nililia, kisha nikachora.

Ukurasa wa kumi na tisa mnakimbia wanne, na juu ya vichaka linaonekana sikio moja tu. Ukurasa wa ishirini mmeuzunguka moto, migongo kwetu, kamba iko chini. Mhariri alisema watoto wataota ndoto mbaya. Nikamwambia twende tukawaulize wenyewe.

Tukaenda shuleni, nikawaonyesha picha na kuwasimulia. Mmoja akalia, mhariri akanitupia jicho. Kisha msichana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Kabla ya kumla, walimwambia asante?"

Mhariri akasema picha ibaki. Chini yake pana nafasi ya sentensi moja. Mtoto yule anangoja jibu, nami pia. Mlimwambia?

Mpwa wako

9 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti limenyamaza leo.

Birika limo kwenye kifurushi hiki. Lichore ukiwa nalo mezani, na palipobonyea paelekee kwa msomaji. Usinirudishie.

Hatukumwambia. Andika hivyo.

Mjomba wako