Sehemu ya Mwalimu Sikuijaribu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako. Nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, tukarudi kwetu Butihinda, na sasa nafanya kazi Gitega kwenye karakana inayotengeneza mashine za kuwapasha joto watoto njiti, na kazi yangu ni kujaribu saketi, ule mzunguko wa umeme unaoongoza joto, kabla haijatoka, naipakia kwenye chipu inayoandikwa upya kwa kompyuta kisha naiharibu makusudi, hapa waya kama umekatika, pale namba imegeuka, mamia ya mara, nione kama itavumilia. Saketi yetu ina nakala tatu zinazopima joto, na sehemu ya mwisho inayofuata jibu la wengi, ili moja ikiharibika mbili ziokoe. Sasa hiyo sehemu ya mwisho aliichora mwalimu Sebastiani, ndiye aliyenifundisha hesabu kambini, ndiye aliyeniombea kazi hii, nikaona kupandikiza hitilafu kwenye kazi yake mbele ya wenzangu ni kumvunjia heshima, nikaziharibu zile tatu, yake nikairuka, nikaandika imepita yote.

Mashine ya kwanza ilikwenda zahanati moja ya huko kwetu. Mwezi uliopita joto likapanda bila kukoma, muuguzi Kasilda akamtoa mtoto mbio. Mtoto mzima. Lakini kwa kuwa karatasi yangu inasema mashine haina kosa, Kasilda akaambiwa amebonyeza vibaya, akasimamishwa. Nilimkuta sokoni Gasorwe, akasema, "Mi sikubonyeza kitu, niliweka mukono kwa mutoto, nikasikia iko moto sana. Ata we hautaniamini?" Nikamwambia nawahi basi. Nikarudi Gitega, nikapandikiza hitilafu moja tu kwenye sehemu ya mwalimu, joto likapanda vilevile. Nikisema, mzee wangu ataaibika. Najuta, mshauri, nifanyeje?

Adriano, Gitega

Adriano, pole, ila sikupi nyingi. Barua nzima umeongelea heshima ya mwalimu, mtoto umempa maneno mawili.

Umeandika "mashine ya kwanza", kwa hiyo ziko nyingine. Weka gazeti chini upige simu sasa hivi, zote zizimwe, usisubiri ruhusa ya mtu.

Kisha nenda kwa mwalimu nyumbani kwake na kompyuta yako, umwonyeshe. Atauma meno, ndiyo. Lakini mtu aliyekusahihisha hesabu miaka yote hakukufundisha kuruka swali, na ungemwonyesha mapema angerekebisha akanywa chai yake. Aibu hii umemletea wewe, kwa kumwogopa.

Halafu andika karatasi mpya, useme ulichoruka na kwa nini, jina lako chini. Usiitume. Panda basi la Muyinga, uende hadi Butihinda, uisome mbele ya waliomsimamisha Kasilda, naye akiwepo. Huenda asikusamehe, na hapo usimlaumu.

Alikuuliza swali pale sokoni, Adriano. Bado anangoja jibu.