Gato ya Mayai Siku ya Kuondoa Kilio Chako

Mwaka mmoja umetimia, Mama Christa, tangu moyo wako uliposimama ghafla ukatuacha tumepigwa na butwaa hapa nyumbani Bwiza. Tangazo hili lilitakiwa litoke siku yenyewe. Limechelewa kidogo kwa sababu tulitaka kwanza tuivuke siku ya kuganduka, yaani siku ya kuondoa kilio, ndipo tukueleze ilivyokwenda. Wewe hukupenda habari nusu nusu.

Huko mjini wanakukumbuka kwa vitenge. Pale dukani kwako, mtaa wa Asiatique, ulikuwa unamwambia mteja ukweli hata kama ukweli huo unakukosesha mauzo. "Hii inakuzeesha, iache," ulisema, na mwanamke akaondoka na kitenge cha bei nafuu huku anakushukuru. Ulivuka mpaka wa Gatumba na mizigo yako hata ule msimu maji yalipofunika barabara, viatu mkononi, ukafika nyumbani umelowa hadi kiunoni na unacheka peke yako. Mume wako, Papa Pontien, alinuna siku mbili. Hukumbembeleza.

Sisi wa nyumbani tunakukumbuka zaidi kwa gato ya mayai. Mikate ya jana unaikatakata vipande, unakaanga vitunguu, nyanya na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, mpaka zinakauka vizuri, unapiga mayai na maziwa, unamwagia juu ya sinia, unaacha ilale hivyo hadi asubuhi. Kukicha unaipeleka kwa Honoré, mwoka mikate wa mtaani, aisukume ndani ya tanuru lake mikate ikishatoka. Mgeni aliyelala kwetu hakuondoka bila kuila. Mapishi hayo hukumfundisha mtu. Ulikuwa unapika kwa jicho na mkono, na aliyekaribia sufuria ulimfukuza.

Sasa tukueleze jambo ambalo hukulisikia. Siku tulipokuzika, kaka yako Byamungu alimvuta Papa Pontien pembeni. Byamungu, unamjua, hajui kunong'ona; ukoo mzima ulisikia.

"Shemeji, mutoto mudogo hawezi kulelewa mu nyumba kwenye baba analala ku bandari. Kilio kikiisha nitakuja kuona. Nikikuta mambo haiko muzuri, Benite anaenda na mi Uvira, kwa bibi yake."

Hakusema kwa ubaya. Anampenda mtoto, na bibi yake anampenda zaidi. Papa Pontien ni wakala wa forodha, na meli ya kutoka Kigoma ikiingia usiku hana budi kuwa pale. Hilo hakuweza kulikana. Ila Benite, kitinda mimba wako, ana miaka saba, na mpaka leo hulala ameshika shati la dada yake.

Tangu maneno yale Christa, kifungua mimba wako, hakupata raha. Alichukua duka, akachukua jiko, akachukua mikutano ya shule, na kila jambo likimwendea kombo alimwona mjomba wake mlangoni akihesabu makosa. Benite akikohoa, Christa hali. Benite akirudi na soksi moja, Christa anatafuta ya pili mpaka kwa majirani. Jimmy, kaka yao, alimtania kwamba atazeeka kabla ya Papa, naye hakucheka.

Wageni wa Uvira walisema watafika mapema, kabla ya misa. Basi Christa akakata shauri: watakuta gato ya mayai mezani, kama ile yako. Wakiila, alijiambia, wataona nyumba bado imesimama. Hakumweleza mtu yeyote jinsi alivyokuwa ameutundika moyo wake wote kwenye sinia moja, lakini tulimwona. Jioni ya kuamkia siku hiyo alipiga mayai midomo ikimcheza kama mtu anayesali. Akalifunika sinia kwa kitambaa safi, akaliweka kwenye friji, na kila aliyepita jikoni alilifunua kidogo, akalitazama, akalifunika tena.

Asubuhi alilibeba hadi kwa Honoré. Habari ya kwanza aliyokutana nayo ilikuwa mbaya.

"Leo unga ilikuwa kidogo," Honoré alimwambia. "Tumechoma mikate nusu. Tanuru haina moto ya siku zote."

"Itaiva lakini?"

"Itaiva. Itachelewa tu. We kaa pale."

Christa akakaa, akasimama, akakaa tena. Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Byamungu, na nyuma yake kelele za magari: "Tumeshavuka Gatumba, binti yangu! Muwashe chai!" Akaufungua mlango wa tanuru kuchungulia. Katikati ya sinia mayai bado yalikuwa maji matupu. Akaufunga. Baada ya muda kidogo akaufungua tena.

"Christa!" Honoré alifoka. "Kila ukifungua unatoa moto. Mama yako alikuwa anakaa ku benchi anapiga story, hafungui ata mara moja."

"Mama hakukuwa na mutu anakuja kumunyang'anya mutoto," Christa alijibu, na machozi yakamtangulia.

Honoré alikwenda uani, akarudi amekumbatia kuni, kuni zake za kesho, akazitupa zote motoni. Tunataka ujue hilo, Mama Christa. Tumeshamshukuru, lakini tunamshukuru tena hapa mbele ya watu.

Sinia lilitoka limeumuka, juu rangi ya dhahabu, pembeni limekauka kidogo kama ulivyopenda. Christa alilifunga kwa kitenge akakimbia nalo. Alipoingia sebuleni alikuta wameshakaa. Byamungu amejaza kiti chako. Mkewe Sephora amempakata Benite na anampapasa mikono kama anayepima amekonda kiasi gani. Akamuuliza Christa, kwa upole tu: "Nguo ya mutoto inakuwaka wapi?" Ingekuwa siku nyingine, lingekuwa swali la kawaida. Siku hiyo lilimkata maini.

Alikata vipande, akagawa. Papa Pontien akaomba baraka. Byamungu akachukua tonge kubwa, akatafuna, akaacha kutafuna. Akatafuna tena taratibu. Akanyoosha mkono akachukua maji, akanywa glasi nzima. Sephora naye akachukua maji. Jimmy akatazama dari. Christa akaonja, na hapo akatamani ardhi ipasuke immeze. Chumvi, Mama Christa. Ilikuwa chumvi ya kuhifadhia samaki.

"Ni nani anapikaka humu?" Byamungu aliuliza.

"Ni mi, Mujomba."

"Uliweka chumvi ngapi?"

"Niliweka jana magharibi. Na asubuhi tena. Sikukumbuka kama niliweka." Akaisukuma sahani yake pembeni. "Lakini ilikuwa kidogo, Mujomba. Naapa ilikuwa kidogo."

Papa Pontien aliweka uma chini. Mzee wetu huyu si mtu wa kujieleza, lakini siku hiyo alijikaza. "Mutoto asibebe kosa yangu. Ata mi niliweka. Nilitoka ku bandari, nikaona sinia, nikasema mama yao, Geneviève, njo alikuwa anaweka chumvi, hakuachia mutu. Bon, watoto watasahau. Nikaweka."

"Papa!" Jimmy aliruka. "Na mi pia! Nilizani Christa amesahau, yeye siku hizi ana mawazo mingi."

Kisha kwenye mapaja ya Sephora kukasikika sauti ndogo: "Na mi. Nilipanda ku kiti."

Sephora alicheka mpaka akajishika tumbo. Jimmy akacheka, Papa naye akatikisika mabega, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima. Lakini Byamungu hakucheka. Alimtazama Benite, akamtazama Christa, akala kipande chake kilichobaki, akashushia na maji, akasimama. "Twende misa," akasema.

Christa hatakwambia padri alihubiri nini, maana hakusikia. Alikuwa amekaa nyuma ya mjomba wake, macho yameganda kwenye kisogo chake, akisubiri kigeuke. Njiani kurudi Byamungu alitangulia mbele. Walipofika nyumbani Christa aliingia chumbani, akaanza kukunja nguo za Benite, kwa sababu kama ni lazima aende, alisema moyoni, asiende na nguo chafu. Alikunja gauni la bluu, akalikunjua, akalikunja tena. Alilia peke yake humo na hakuna aliyethubutu kuingia.

Alasiri watu walijaa chini ya hema. Vinywaji vikagawiwa, Papa Pontien akavua kitambaa cheusi cha kilio alichokivaa mwaka mzima, akashukuru wote waliotushika mkono. Ndipo upande wako wa Uvira ukapewa nafasi ya kusema. Byamungu alisimama. Christa alikuwa amesimama karibu na mlango, mkono wa Benite ndani ya mkono wake, ameubana hadi mtoto akalalamika.

"Mi nilikuja na nafasi ya mutoto ndani ya gari," Byamungu alisema, na kwa mara ya kwanza tulimsikia akisema polepole. "Dada yangu alikufa, na mi niliogopa. Nilisema ile nyumba sasa haina mutu wa kukumbuka kitu. Baba iko kazini, wakubwa wako na mambo yao, mutoto atakuwa anapita tu katikati yao kama mugeni. Njo kitu nilikuja kuangalia."

Akapangusa uso.

"Asubuhi nimekula chakula moja mubaya sana." Watu wakacheka, yeye akangoja. "Lakini kila mutu wa ile nyumba aliamka peke yake, akajiambia, wenzangu watasahau, wacha mi nifanye. Baba. Dada. Kaka. Ata huyu mudogo. Nyumba kwenye kila mutu anaogopa kama mwenzake amesahau, mutoto hawezi kupotea ndani yake. Benite anabaki kwao. Mi nitamweleza Mama kule Uvira."

Christa hakupiga vigelegele wala hakushukuru. Alikaa chini palepale mlangoni na gauni lake jipya, akamvuta Benite mapajani, akamkumbatia huku akilia kwa sauti kama mtoto. Benite alikuwa anamwambia, "Dada, watu wanaangalia." Waache waangalie. Hiyo hofu aliibeba mwaka mzima bila kumwambia mtu, na wewe ndiye pekee ambaye ungeigundua mapema. Tulikukosa sana siku ile, Mama Christa. Tunakukosa kila siku, na hatuoni haya kusema hivyo.

Misa ya kukuombea imekwisha kusomwa. Waliotoka mbali wamerudi salama. Tunawashukuru majirani wa Bwiza, akina mama wa Asiatique waliofunga maduka yao kuja kukaa nasi, na Honoré.

Wanaokukumbuka ni mume wako Pontien; mama yako mzazi aliyeko Uvira; kaka yako Byamungu na Sephora; mwanao Jimmy; kifungua mimba wako Christa, ambaye sasa analala usingizi; na Benite, ambaye asubuhi hii ameamkia nyumbani kwako.

Maadamu tunapumua, Geneviève, hutatoka mioyoni mwetu.